Nani Aliyezima Rada?



Jumatano ya tarehe 25 Juni mwaka 1997, huku kwetu Afrika Mashariki saa sita mchana ikiwa imepita kidogo, mtu mmoja aitwaye Vasily Tsibliyev alikuwa mbele ya kioo cha televisheni, mikono yake ikiwa imeshika vijiti viwili vya usukani. Alikuwa kamanda wa kituo cha anga cha Mir, mali ya Urusi, kilichokuwa kikiizunguka dunia kwa kimo cha karibu kilomita 400. Kwa vijiti vile alikuwa akiongoza kwa mbali chombo cha mizigo, Progress M-34, chenye uzito wa zaidi ya tani 7. Lilikuwa ni jaribio, na aliyeamua lifanyike hakuwa yeye. Haukupita muda chombo kile kikakivaa kituo, ukuta ukatoboka, na watu watatu waliokuwamo wakahisi masikio yakiziba, kwa sababu hewa waliyokuwa wakiivuta ilikuwa inakimbilia nje kwenye utupu.

Wote watatu walirudi nyumbani wazima. Nalisema hilo mapema ili tusikae roho juu, tupate nafasi ya kulitazama jambo lenyewe kwa utulivu: jinsi jaribio linavyoweza kupangwa na watu waliokaa ofisini, likaenda mrama, kisha lawama yote ikashushwa juu ya yule aliyekuwa ameshika vijiti. Kisa hiki kina zaidi ya robo karne sasa. Mimi bado kinaniuma.

Tuanze na kituo chenyewe. Sehemu ya kwanza ya Mir ilirushwa Februari 1986, enzi za Muungano wa Kisovieti. Kwa miaka kumi iliyofuata vyumba vingine vikaongezwa kimoja baada ya kingine: Kvant-1, Kvant-2, Kristall, Spektr, na mwisho Priroda mwaka 1996. Kufikia hapo nchi iliyokianzisha kituo ilikuwa haipo tena kwenye ramani. Hazina ya Urusi ilikuwa imekauka, na kituo kilichokusudiwa kuishi miaka mitano hivi kilikuwa kimepita kumi. Marekani ndiyo iliyokuwa ikitia fedha, dola milioni 400, kwa makubaliano kwamba wanaanga wake wakae humo kwa zamu na kujifunza maisha marefu ya angani kabla ya kituo cha kimataifa kujengwa.

Watu wanaokaa angani miezi mitano, sita, wanahitaji chakula, maji, nguo, vipuri. Vyote hivyo huletwa na Progress, chombo kisicho na mtu ndani. Mizigo ikishapakuliwa, hujazwa takataka, kikaachiliwa kiungue angahewani. Kwa kawaida chombo hicho hujileta chenyewe hadi mlangoni mwa kituo kwa msaada wa mfumo wa rada uitwao Kurs. Kurs hupima mambo mawili ambayo ndiyo roho ya kazi yote: umebaki umbali gani, na unakuja kwa kasi gani. Sasa, Kurs ilikuwa ikitengenezwa Kiev. Zamani za Usovieti hilo halikuwa neno. Baada ya 1991 Kiev ikawa mji mkuu wa nchi nyingine, yenye sarafu yake na bei zake, na rada hizo zikawa ghali kwa mnunuzi wa Moscow.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kituoni kulikuwa tayari na mfumo wa akiba uitwao TORU. Kamera iliyo puani mwa Progress inatuma picha, kamanda anaitazama akiwa ndani ya kituo, na anakiongoza chombo kwa vijiti kana kwamba yumo ndani yake. Mfumo huo uliwekwa kwa ajili ya dharura, endapo Kurs itagoma karibu na mlango, wakati kamanda anaiona waziwazi alama ya msalaba inayomwonyesha pa kulenga. Wakubwa wakajiuliza: kwa nini kamanda asikilete chombo kwa mkono tangu mbali, kilomita kadhaa, ili rada ya Kiev tuachane nayo?

Swali lenyewe ni halali. Nchi isiyo na fedha ina haki ya kutafuta njia ya nafuu, na mifumo yote ya angani tunayoitumia leo ilipita kwenye mikono ya watu waliothubutu kujaribu. Mimi si mpinzani wa majaribio. Ninachokidai ni kwamba anayeuliza swali amjali yule anayetumwa kulijibu.

Jibu la kwanza lilikuja tarehe 4 Machi 1997. Chombo kilikuwa Progress M-33, na kamanda ni Tsibliyev huyohuyo. Chombo kikiwa njiani, kioo cha televisheni hakikuonyesha kitu isipokuwa chenga. Kamanda akawa anaongoza tani saba asizoziona. Mwenzake, injinia wa safari Aleksandr Lazutkin, akawa anahama dirisha hadi dirisha akikitafuta chombo kwa macho. Walipokiona kilikuwa kinakuja, tena kinakuja upesi, na kikapita kando ya kituo kwa umbali wa mita 200 hivi. Waliponea chupuchupu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu hili lilikuwa jeusi. Wahandisi wakakaa, wakatafakari kwa nini picha ilipotea, na wakashuku kwamba mawimbi ya rada ya Kurs ndiyo yaliyokuwa yakiivuruga kamera. Hadi hapo wako sawa. Lakini dawa waliyoiandika ndiyo inayonifanya nishike kichwa hadi leo: jaribio lirudiwe, na safari hii rada izimwe.

Tulielewe hilo vizuri. Aliyewahi kusimama bandarini au kwenye ghala ameona lori likirudi nyuma. Dereva ana vioo, ana usukani, ana uzoefu wa miaka. Hata hivyo utingo hushuka, akasimama nyuma, akawa anapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, bado, taratibu, simama! Dereva mwenye akili hamdharau utingo wake, maana mwenyewe hawezi kujua kwa hakika nafasi iliyobaki. Kurs ndiyo iliyokuwa ikiifanya kazi hiyo angani. Kwa kuizima, Moscow ilimwambia kamanda arudi nyuma na lori la tani saba bila mtu wa kumpigia bodi, akitazama picha tu. Badala ya rada, wenzake walipewa kipimo cha leza cha kushika mkononi, wakielekeze dirishani. Lakini ili ukipime kitu kwa leza ni lazima kwanza ukione.

Na watu wenyewe walikuwa katika hali gani? Tsibliyev na Lazutkin walifika Mir Februari ile. Wiki mbili hazijaisha, tarehe 23 Februari, Lazutkin alipoiwasha tangi ya kutengeneza oksijeni ndani ya Kvant-1, jambo lililokuwa la kila siku, ikalipuka moto. Moto wa aina hiyo hauhitaji hewa ya chumba. Unajilisha oksijeni yake wenyewe, na ulichomoza kama mwali wa mchomeleaji vyuma. Moshi ukajaa, watu sita wakavaa barakoa, baadhi ya mitungi ya kuzimia moto ikagoma kutoka ukutani ilikofungwa, na moto ulikuwa umekaa katikati ya njia ya kuelekea kwenye kimoja kati ya vyombo viwili vya kuokolea maisha. Waliuzima. Wakaendelea na kazi.

Zikafuata wiki za mabomba ya kupozea yaliyokuwa yakivuja kemikali, joto kupita kiasi katika baadhi ya vyumba, na mitambo ya oksijeni iliyokuwa ikigoma. Wanaume hawa wawili walishinda wamejibanza nyuma ya paneli wakitafuta tundu moja baada ya jingine kwa tochi na vitambaa. Mmarekani aliyekuwa nao, Jerry Linenger, aliondoka Mei, na nafasi yake ikachukuliwa na Michael Foale, mzaliwa wa Uingereza na msomi wa fizikia ya anga kutoka Cambridge. Foale alipanga kulala na kufanyia kazi zake katika chumba cha Spektr.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Tsibliyev alifanya mazoezi ya TORU duniani, kabla ya kuruka. Tangu hapo ilikuwa imepita miezi mingi, na kituoni hapakuwa na kifaa cha kujikumbushia. Kwa hiyo, ukiacha lile jaribio la Machi, mara ya kwanza ya mkono wake kurudi kwenye kazi ile, baada ya moto, baada ya kemikali, baada ya usingizi mbovu wa majuma, ilikuwa ni siku yenyewe ya jaribio.

Progress M-34 kilijitenga na kituo tarehe 24 Juni, na kesho yake kikaanza kurejea. Kilikuja kutoka upande wa juu wa kituo, na kwa hiyo kamera yake ilikuwa ikitazama chini: mbele kuna Mir, na nyuma ya Mir kuna dunia. Siku hiyo dunia chini yao ilikuwa na mawingu. Kituo, pamoja na mabawa yake ya sola, kikamezwa na mandhari yenye mabaka meupe. Tsibliyev alikuwa akitafuta kidoa kinachong'aa juu ya kitu kingine kinachong'aa.

Kioo chake kilikuwa na mistari ya miraba. Alitakiwa akisie umbali kwa kuona kituo kimejaza miraba mingapi, na akisie kasi kwa kuona picha inakua upesi kiasi gani. Nawaomba tuitazame hesabu hiyo, kwa sababu ndani yake ndimo mtego ulimokuwa. Chombo kikisogea kutoka kilomita 4 hadi kilomita 2, picha ya kituo inakua mara mbili, na safari hiyo inachukua dakika kadhaa. Kikisogea kutoka mita 200 hadi mita 100, picha inakua mara mbili vilevile, lakini sasa kwa nusu dakika tu. Maana yake, kwa muda mrefu jicho linaambiwa hakuna kinachotokea, hata kama kasi imeshazidi. Kisha mambo yote yanakuja kwa pamoja, na muda wa kufunga breki umekwisha. Jicho la binadamu halikuumbwa kuusoma mwendo wa namna hiyo. Ndiyo sababu watu walibuni rada.

Lazutkin na Foale walikuwa madirishani, kipimo cha leza mkononi, wakikitafuta chombo. Hawakioni. Sehemu za kituo chenyewe ziliwaziba. Kamanda anauliza, wao wanatafuta. Ghafla Lazutkin akakiona kikichomoza nyuma ya paneli ya sola, kikubwa, karibu, kikija kwa kasi isiyo yake. Akamwambia Foale akimbilie Soyuz, chombo chao cha kurudi nyumbani. Tsibliyev alikuwa amekandamiza breki kwa nguvu zote, na roketi ndogo za Progress zilikuwa zikisukuma kinyume. Ilikuwa imechelewa. Kwa mwendo wa kama mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, tani saba ziligonga paneli za sola za Spektr na kisha ukuta wa chumba chenyewe.

Kituo kizima kilitikisika. King'ora cha hewa kikalia.

Hapa, wasikilizaji, nataka tukae kidogo na Lazutkin, maana mambo aliyoyafanya katika dakika zile hayakuwa kwenye karatasi yoyote ya jaribio. Alikuwa ameona pigo limetua wapi, kwa hiyo hakuhitaji kutafuta tundu kituo kizima. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa Spektr, na akasikia hewa ikifoka. Dawa ni kuufunga mlango. Lakini mlangoni palikuwa pamepita nyaya, kama 18 hivi, za umeme na za mawasiliano, pamoja na bomba la kupitishia hewa. Kituo kilivyozidi kuzeeka ndivyo vitu vilivyozidi kupitishwa milangoni. Akaanza kuzichomoa moja moja. Zile zilizokataa, akachukua kisu akazikata. Mmoja ulikuwa na umeme, ukatoa cheche mkononi mwake.

Foale, aliyekuwa ameanza kuiandaa Soyuz kwa ajili ya kuondoka, akarudi kumsaidia. Nyaya zilipoisha wakauvuta mlango. Haukuja. Hewa iliyokuwa inakimbilia ndani ya Spektr iliusukuma kuelekea huko, na misuli ya watu wawili haikuweza kushindana nayo. Wakageuka, wakafungua mfuniko mwembamba uliokuwa umehifadhiwa ukutani, wakauleta mlangoni, na hewa ileile iliyokuwa ikiwakimbia ikaunyonya mfuniko ukabana palepale pa kutakiwa. Masikio yakaacha kuuma. Mshale wa shinikizo ukasimama. Ilikuwa imepita kama robo saa hivi tangu kishindo.

Hewa ilikuwa imepona, umeme haukupona. Spektr ilikuwa ikizalisha karibu nusu ya umeme wote wa kituo, na nyaya zilizokatwa ndizo zilizokuwa zikiuleta. Isitoshe, pigo lilikiacha kituo kikizungukazunguka, paneli zilizobaki hazikai tena kuelekea jua, na betri zikaanza kuisha. Taa zikazimika. Feni zikanyamaza. Duniani feni ikizimika utalalamika joto. Huko juu ambako hakuna uzito, hewa yenye joto haipandi na yenye baridi haishuki, hivyo pumzi unayoitoa inabaki palepale usoni mwako, nawe unairudia. Watu waliokaa Mir wanasimulia kwamba kituo hicho kilikuwa na kelele saa zote. Ukimya ule uliwatisha kuliko king'ora.

Ili paneli zirudi kwenye jua, lazima mzunguko usimamishwe. Na ili usimamishwe lazima ujue kituo kinazunguka kwa kasi gani na kuelekea wapi. Kompyuta hazina umeme. Foale akaenda dirishani, akanyoosha mkono, akasimamisha kidole gumba mbele ya nyota, na akahesabu sekunde nyota zinavyopita nyuma ya kidole. Upana wa kidole gumba cha mkono ulionyooshwa ni nyuzi mbili hivi za mbingu, mnajimu yeyote anaijua hiyo. Akapata jibu, akalituma Moscow kwa redio, na roketi zikawashwa kwa makisio hayo. Baadaye, umeme ulipozidi kupungua, wakatumia injini za Soyuz: Foale anaangalia nyota na kuelekeza, Tsibliyev anawasha, wanangoja, wanaangalia tena. Kwa kubahatisha huko kwa watu wenye elimu na subira, jua likarudi kwenye paneli na betri zikaanza kunywa.

Kamanda ambaye jioni ile alikuwa akikinyoosha kituo kwa injini za chombo kingine ndiye ambaye majuma machache baadaye alitajwa kuwa chanzo cha maafa. Katikati ya Julai madaktari waligundua mapigo ya moyo wake hayaendi sawa. Siku chache baadaye waya mmoja ukachomolewa kimakosa na kituo kikapoteza umeme tena. Wachovu hukosea, na hawa walikuwa wachovu wa kupindukia. Walirudi tarehe 14 Agosti, na hata siku hiyo roketi za kupunguza kishindo zikawaka kabla ya wakati, wakaipiga ardhi ya Kazakhstan kwa nguvu.

Walipoinuka hapo walikuta hukumu imetangulia. Viongozi wa Urusi, Rais Boris Yeltsin akiwemo, walikuwa wakizungumzia kosa la binadamu. Wengine wakakumbusha kwamba Januari 1994 Tsibliyev huyuhuyu, akiondoka Mir kwa chombo cha Soyuz, alikigusa kituo. Ni kweli, aligusa. Na uchunguzi wa wakati ule ulionyesha kwamba swichi ilikuwa imewekwa upande usio wake, kwa hiyo kijiti alichokishika hakikuwa na uwezo wa kuongoza. Lakini ukitaka mtu wa kumtwisha mzigo, rekodi kama hiyo ni tamu mno kuiacha. Tsibliyev aliongea na waandishi wa habari, akakataa kuwa yeye ndiye mkosaji peke yake.

Nami namuunga mkono, na sababu yangu si huruma. Wataalamu waliokuja kulichambua tukio hili kwa makini baadaye, wakiwemo watafiti wa NASA wanaochunguza jinsi macho na akili ya binadamu inavyofanya kazi, walikuta mnyororo mrefu: picha isiyoonyesha kasi, mandhari ya mawingu, rada iliyozimwa, mazoezi yaliyopitwa na wakati, uchovu, na mpango ambao haukuacha nafasi ya kurekebisha pindi mambo yanapoharibika. Ondoa chochote kati ya hivyo na huenda pigo lisingetokea. Mkono wa kamanda ulikuwa pingili ya mwisho, na ya mwisho ndiyo inayoonekana.

Nawaza pia kuhusu jaribio jingine, la nchi ileile iliyokianzisha kituo. Miezi miwili baada ya Mir kuanza kurushwa, tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nyuklia namba 4 cha Chernobyl kililipuka katikati ya jaribio, tena jaribio la usalama, la kuona kama mtambo unaozunguka kwa nguvu iliyobaki unaweza kuendesha pampu za maji. Huko nako baadhi ya kinga zilikuwa zimezimwa ili kazi ipite. Lawama ya kwanza ilielekezwa kwa waendeshaji wa zamu. Ilipofika 1992, wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walilirudia jambo lile na kuuelekezea uzito mkubwa zaidi muundo wa kinu chenyewe, ambao kasoro zake waendeshaji hawakuwa wameelezwa. Vifo vya Chernobyl haviwezi kulinganishwa na tukio la Mir ambalo halikuua mtu. Ila mwendo wa lawama ni uleule: unaanza kwa aliye karibu na moto, na unachukua miaka kupanda ngazi hadi kwa walioandika mpango.

Kuna wanaosema kwamba kamanda angeweza kukataa. Alikuwa huko, aliona Machi, angesema silifanyi. Wanaosema hivyo sidhani kama wamewahi kuwa na bosi. Mwanaanga wa Urusi alikuwa mwanajeshi au mwajiriwa wa mkataba, aliyengoja miaka kuipata safari, na malipo yake yalitegemea kazi alizozikamilisha angani. Kumwachia mtu wa namna hiyo jukumu la kulizuia jaribio ni kumwachia asiye na nguvu kazi ya wenye nguvu. Hao waliobaki duniani, wenye kiti na chai na muda wa kulala, ndio waliokuwa na nafasi ya kuuliza: mara ya kwanza tulikuwa na rada tukakosa picha na tukanusurika, sasa tunaitoa rada, tutajuaje umbali? Swali hilo halihitaji shahada.

Baada ya ajali ile, Marekani kulikuwa na mabishano makali kama waendelee kupeleka watu wao kwenye kituo kile. Mwishoni waliendelea, David Wolf akaenda kumpokea Foale Septemba, na baada yake Andrew Thomas. Mwezi Agosti wanaanga wapya, Anatoly Solovyev na Pavel Vinogradov, walivaa suti zao na kuingia ndani ya Spektr, chumba cha giza kisicho na hewa, wakaunganisha nyaya za paneli kupitia mlango mpya ulioletwa kutoka duniani. Umeme mwingi ukarudi. Septemba Solovyev na Foale wakatoka nje kukagua ukuta. Tundu hawakuliona, na halikuzibwa kamwe. Spektr ilibaki imefungwa hadi tarehe 23 Machi 2001, Mir ilipoangushwa kwa makusudi katika Pasifiki ya Kusini.

Tsibliyev hakuruka tena, wala Lazutkin. Foale aliruka, na mwaka 2003 akawa kamanda wa Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka huohuo wa 2003 Tsibliyev aliteuliwa kuwa mkuu wa Kituo cha Gagarin cha kufundishia wanaanga, nje ya Moscow, na akakiongoza hadi 2009. TORU bado ipo, imebaki kuwa mfumo wa akiba kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Na Kurs, ile rada ya Kiev ambayo jaribio zima lilikusudia kuiondoa ili fedha ziokolewe, iliendelea kununuliwa na kufungwa kwenye vyombo vya Progress na Soyuz kwa miaka mingi baada ya hapo, mpaka Urusi ilipotengeneza rada yake yenyewe ya kushika nafasi hiyo.